Zimbro Hafungi Lango

Idalina aliletwa kwangu na hasira, si mapenzi ya farasi. Alifika Jumatatu moja ya Oktoba, msimu wa nyanya umekwisha na kiwanda kimewaachia wafanyakazi wake, akimvuta Zimbro kwa kamba juu ya tuta la mto. Kilomita sita kwa miguu, farasi kavaa tandiko, na mwenye farasi viatu vimejaa tope.

"Mbona hukumpanda?" nikamuuliza.

"Namwogopa, Dona Graciete."

"Na umekuja kujifunza kupanda."

"Ndiyo."

"Haya. Tumeanza vizuri."

Zimbro nilikuwa namjua. Alikuwa farasi wa kijivu wa Firmino, kaka yake Idalina, mchungaji wa mafahali katika shamba kubwa la bondeni. Firmino alikufa maji Februari ya mwaka uliotangulia, siku Mto Tejo ulipovunja kingo ukaingia malishoni. Mwili ulipatikana siku ya kumi na moja, umenasa kwenye waya wa ua. Farasi alirudi mwenyewe jioni ile ile, hatamu zimekatika, anatetemeka. Mwenye shamba akaiachia familia farasi huyo kama rambirambi, na kwa miezi ishirini Zimbro akala nyasi nyuma ya nyumba ya mama yao, Dona Zulmira, bila mtu kumgusa ila kumwekea maji.

Nilimuuliza Idalina kwa nini sasa. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mwanamke mwenye mikono mikubwa na maneno machache.

"Kaka yangu alirudi majini kufuata ndama wa mtu," akasema. "Akatuacha mimi na mama kwa ajili ya ndama. Kila nikimwona huyu farasi nakasirika upya. Nimetaka kumuuza. Lakini kabla sijamuuza, nijue basi huko alikokuwa anakupenda kuliko sisi kulikuwa na nini."

Nikamwambia ashike kikuku, aweke mguu, apande.

Habari ya ndama ilitoka kwa mume wangu. Eurico na Firmino walifanya kazi pamoja miaka kumi na tisa. Siku ya mafuriko walikuwa wawili tu kule chini, wametumwa kuwatoa ng'ombe. Eurico alirudi na farasi wake, jike, akasema Firmino ameona ndama amebaki, akageuza farasi, na yeye akamkataza wala hakusikia. Kanisani padri alisema mchungaji mwema. Watu walilia. Tangu siku hiyo Eurico hakupanda tena. Alisema ni goti. Akawa ananichongea vizuizi vya uwanja wangu: daraja la mbao, meza ya jagi, nguzo za kupita zigizaga, pipa la kuchomolea ufito mrefu, na lango. Lile lango lilikuwa zuri kuliko la shamba lolote. Alilipima mara tatu.

Mchezo wetu huu wa farasi umetoka kazini, kwa wachungaji wa ng'ombe, kila mtu bondeni analijua hilo. Siku ya kwanza farasi anaonyesha adabu, ya pili anapita vizuizi kwa utulivu na utaratibu, kisha anavipita tena kwa kasi, saa inahesabu, na mwisho anatenga ng'ombe mmoja kundini. Asiye na kazi hiyo nyumbani hujifunza hapa. Mwenye nayo huja kujivuna.

Mwezi wa kwanza Idalina alikaa juu ya tandiko kama gunia.

"Unambebesha nyanya huyo," nilimwambia. "Shusha mabega. Usivute. Ukivuta mdomo wake anadhani umeghadhibika."

"Nimeghadhibika kweli."

"Mwache yeye nje ya ugomvi wenu."

Alicheka kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo alikuja kila Jumanne na Ijumaa, jua au mvua. Zimbro alijua kila kitu. Ilibidi Idalina ajifunze kutomzuia tu. Farasi alirudi kinyumenyume katika uchochoro wa fito hadi kwenye kengele ya mwisho wake, bila kuzigusa. Alisimama ubavuni mwa meza kama amechorwa, hata Idalina alipolinyanyua jagi na maji yakammwagikia mapajani. Daraja alilivuka na masikio yake yamelegea. Nilikuwa nimejiandaa kwa shida ya daraja, kwa sababu ya maji, kwa sababu ya siku ile. Hakukuwa na shida.

Shida ilikuwa langoni.

Alilikaribia vizuri, akajipanga ubavu wa kushoto, kwa maana Firmino alikuwa akitumia mkono wa kushoto. Idalina akainua komeo, akasukuma, wakapita. Sasa farasi anatakiwa ageuke, amrudishe mpandaji karibu na lango alifunge. Zimbro aligeuka. Kisha akasimama. Idalina alikuwa ameshika lango, liko wazi, na farasi hakuliacha lifungwe. Miguu minne imekita. Masikio yameelekea kule walikotoka. Anatazama.

"Mguu," nikasema. "Mguu wa kulia, mguse."

Akamgusa. Zimbro hakusogea. Nilihesabu kimoyomoyo, mazoea ya mwalimu. Nikafika ishirini na tano. Kisha akashusha pumzi, pumzi ndefu kama ya mtu mzima, akasogea pembeni hatua tatu, lango likafungwa.

"Anasubiri nini?" Idalina akauliza.

"Tabia mbaya tu. Tutaitoa."

Tulirudia mara nne. Mara nne alisimama, na kila mara akasubiri zaidi.

"Labda anamsubiri Firmino," Idalina akasema polepole.

"Firmino alikuwa juu yake, mwanangu. Farasi hamsubiri aliye mgongoni."

Nililisema bila kufikiri, na nikaendelea kuzungumza habari ya visigino na kidevu. Usiku ule sikukumbuka neno lolote. Ni asubuhi iliyofuata, nikimenya viazi vya supu ya kabichi, ndipo kisu kilisimama mkononi. Firmino alikuwa akitangulia. Alifungua lango juu ya farasi, ng'ombe wakapita, naye akalishikilia mpaka mtu wa nyuma apite. Ndipo alifunga. Miaka kumi na tisa, malango manne kwa siku. Na mtu wa nyuma alikuwa uani kwangu wakati huo huo, anapiga randa ubao.

Kuna mambo mtu anayajua na anakataa kuyashika. Niliamua kumponya farasi. Novemba yote nilimfundisha Idalina kutumia kiboko kidogo, nikashika mwenyewe hatamu kwa chini, nikamsukuma Zimbro kwa bega langu. Farasi yule hakuwa mkaidi. Alitoka jasho shingoni, macho yakaonyesha weupe, lakini lango wazi hakuliacha. Siku moja Idalina akaniambia, "Dona Graciete, acha. Unampiga kwa jambo usilolijua." Nikaona haya, kwa kuwa nilianza kulijua.

Desemba ukungu ulitelemka. Kwetu bondeni ukungu hukaa siku tatu, nne. Humwoni korongo juu ya nguzo ila unasikia mdomo wake ukigonga. Ijumaa moja ya ukungu Idalina alikuja saa tatu asubuhi badala ya saa tisa mchana, kwa sababu mama yake alikuwa na miadi ya daktari. Sikupata kumwambia Eurico. Yeye kwa kawaida, siku za Idalina, alijitafutia safari: msumari umekwisha, jirani anaumwa. Hakuwahi kukaa uwanjani farasi yule akiwapo.

Tulikuwa langoni. Liko wazi, Zimbro amekita miguu, Idalina ameshika ubao wa juu. Nimehesabu thelathini. Tukasikia hatua zinakuja kwenye tope kutoka upande ule farasi aliokuwa anautazama. Nzito, moja inaburuta. Zimbro akainua kichwa, akalia kwa sauti ya chini, ile ambayo farasi humpa mtu wake. Idalina akanitazama, midomo imekauka. Mwili ulinisisimka, nami nilizaliwa katika banda la farasi.

Eurico akatokea ukunguni na mbao mbili begani. Alikuwa anakata njia kwenda karakana, ameinama, haoni mbele. Akapita langoni katikati. Zimbro alinyoosha shingo akamnusa mgongo, kuanzia kola hadi kiunoni. Kisha, bila mguu wa Idalina, bila kiboko, akasogea hatua tatu pembeni na lango likajifunga, komeo likaingia. Akatikisa kichwa na kuanza kutafuna lijamu, ametulia kabisa.

Eurico aliziangusha mbao.

"Kumbe alikuwa anakusubiri wewe, Eurico," Idalina akasema, na kwa kuwa alikuwa ameogopa, akacheka. "Wiki sita ananitesa, kumbe ni wewe."

Eurico aliinama. Aliokota ubao mmoja, akaacha wa pili, akaenda.

Mezani mchana nilimwekea samaki mkavu na viazi. Hakula. Nikamuuliza, "Ndama alikuwa wa rangi gani?"

"Ndama gani?"

"Ndama wa Firmino."

Alisukuma viazi ukingoni mwa sahani, kimoja kimoja. Halafu akasema, "Hakukuwa na ndama."

Akanieleza. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kupita lango la mwisho. Maji yalikuwa yamefika matumboni mwa farasi na yanalisukuma lango lijifunge. Ukiliachia, aliye ndani anabaki ndani. Firmino alilishikilia. Eurico alikuwa nyuma, hatua mia mbili labda, mvua na ukungu, hamwoni. Akaona tuta linabomoka upande wa kushoto. Karibu naye kulikuwa na upenyo kwenye ua, nyuma ya nyumba ya pampu, unaotokea kwenye tuta la reli ya zamani. Akageuza jike lake akapita hapo.

"Hukumwambia?"

"Aliniita. Aliita jina langu. Nilikuwa nimeshafika juu, pakavu."

"Ukamjibu?"

"Nilidhani ataona nimechelewa, ataondoka."

"Ukamjibu, Eurico?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Alitazama mikono yake. "Ningemjibu, angeniuliza niko wapi. Ningesema nimeshatoka. Nikaona aibu. Nikasema ngoja kidogo, nipate pumzi. Akaita tena. Akaita mara nyingi, Graciete. Halafu hakuita."

Nioshe vyombo, nifanye nini. Niliviosha. Tangu siku hiyo nyumba yangu ilibadilika. Nilikuwa nikiingia chumbani namkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kichwa kimeinama upande mmoja kama anayesikiliza redio ya jirani. Nikimwita, anashtuka; nikawa simwiti tena jina, namgusa bega. Asubuhi nilikuwa nakuta lango la uwanja liko wazi, ilhali jioni nililifunga kwa mkono wangu. Nikasema upepo. Hakukuwa na upepo, ukungu haukai penye upepo. Nikasema komeo limelegea. Nilikagua: Eurico hachongi komeo la kulegea.

Januari, alfajiri moja, nikasimama dirishani jikoni nikamwona Eurico. Alikuwa upande wa ndani wa lango, kalifungua, na amesimama. Alinyanyua mguu, akaurudisha. Nikatoka na koti juu ya nguo ya kulalia.

"Unafanya nini hapa?"

"Najaribu kupita," akasema. "Yule farasi siku ile alinipitisha, sikujua. Nikijua, siwezi."

Nikamshika mkono nikampeleka ndani, kwa kuzunguka uwanja. Sikuweza kumvuta pale, na sema kweli, mimi pia sikutaka kupita.

Unaweza kuniuliza kwa nini nilinyamaza wiki zote hizo, wakati Idalina anakuja Jumanne na Ijumaa na kunipa mkono. Alikuwa mume wangu. Hilo ndilo jibu, na si jibu zuri. Idalina alikuwa anaendelea. Alianza kukaa vizuri, kushika hatamu kwa mkono mmoja, kuuchomoa ufito pipani katika shoti na kuurudisha bila kulipiga pipa. Na kila alipofanikiwa kitu aligeuza uso wake kwangu, akasema jambo moja tu: "Mtu anayejua haya yote, anarudije majini kwa ndama?" Alikuwa analisema kwa uchungu. Kila aliposema, nilimwambia ashushe visigino.

Februari, wiki ya kumbukumbu ya kifo, nikamwambia Eurico, "Utamwambia Ijumaa. Usipomwambia, nitamwambia mimi, na nitamwambia kwa namna yangu."

Alimwambia. Alikuja uwanjani kavaa shati la Jumapili, akasimama mbele ya farasi. Idalina alikuwa juu. Alianza kushuka, Eurico akamwomba abaki alipo. Akasema yote, hakujipunguzia, nampa haki yake. Zimbro alikuwa anamnusa mfuko wa shati muda wote, na hilo lilikuwa gumu kulitazama.

Alipomaliza, Idalina akauliza, "Aliita mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Hesabu sasa."

Eurico akafumba macho. Alihesabu kwa vidole kando ya paja lake. "Tisa," akasema.

"Mara ya mwisho alisemaje?"

"Jina langu. Halafu akasema, 'Haraka kidogo, kaka, mkono umechoka.'"

Idalina aliinama juu ya shingo ya farasi, akakaa hivyo muda mrefu, na mabega yake hayakutikisika. Alipoinuka hakumtazama Eurico, alinitazama mimi.

"Wewe ulijua."

"Tangu Desemba."

"Miezi miwili unanirekebisha visigino."

Aligeuza farasi akaondoka juu ya tuta.

Hakuja wiki saba. Eurico alihamia kwa dada yake huko Setúbal, akarudi baada ya siku tisa, akasema hata kule anasikia sauti ile ile. Watu kijijini walikwisha kupata habari. Dukani mazungumzo yalikatika nilipoingia. Nilifundisha watoto wa wenye mashamba na nikajifanya sioni lango.

Aprili mwanzoni Idalina akarudi. Hakusalimu kwa mkono.

"Sijakusamehe," akasema. "Nimekuja kwa sababu mashindano ni mwezi ujao na hakuna mwalimu mwingine anayemjua farasi huyu."

"Sawa."

"Na simuuzi."

"Sawa."

"Mama nimemwambia. Unajua alisemaje? Alikuwa anapika. Akasema, 'Mimi siku zote nilijua mwanangu si mjinga wa kufa kwa ndama.' Akaendelea kukoroga. Kisha akaomba nimfungulie mlango wa nyuma apate hewa, akakaa nje mpaka jua likazama."

Tulifanya kazi. Nilimwambia lango sitamfundisha tena, alipite anavyoona. Akasema hivyo ndivyo alivyokusudia.

Mashindano yalifanyika Mei, katika uwanja wa maonyesho wa mji wa jirani, wapandaji kumi na wawili. Siku ya adabu Zimbro alikuwa safi. Siku ya vizuizi waliingia shoti ndogo, nguzo, daraja, jagi, kengele, nikawa nasikia watu wa pembeni wanaulizana yule mwanamke ni nani. Wakafika langoni. Idalina akafungua kwa mkono wa kushoto, wakapita, farasi akageuka, akasimama.

Hakumgusa. Alilishikilia lango wazi, mgongo wake umenyooka, akatazama pamoja na farasi kule walikotoka. Majaji wakaandika. Watu wakaanza kunong'ona, mmoja akatania kwamba farasi amelala. Kisha minong'ono ikaisha yenyewe. Sijui kwa nini uwanja mzima ulinyamaza, wengi walikuwa wageni, hawakujua lolote. Nilisikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti. Mimi niligeuka nikatazama nyuma, nikajikuta si mimi peke yangu. Safu nzima ya watu walikuwa wamegeuza shingo kuangalia nani anakuja.

Zimbro akashusha pumzi. Lango likafungwa.

Siku ya kasi kusubiri kule kuliwatupa mwisho kabisa. Kwenye kutenga ng'ombe wakawashinda wote, kwa sekunde kumi na moja mbele ya wa pili. Kwa jumla walikuwa wa nane. Idalina alipokea utepe wake akauweka mfukoni kama risiti, kisha akanipa mkono. Mkono tu.

Sasa ni Oktoba tena. Anakuja Jumanne na Ijumaa. Akimwona Eurico anamsalimu kwa jina, basi, na Eurico anavua kofia.

Ni Dona Zulmira, mama yake Firmino, aliyemtaka Eurico. Juni alituma salamu kwamba Eurico aende Alhamisi, baada ya chakula cha mchana. Akaenda akidhani atatukanwa. Bibi yule wa miaka themanini na moja alimwekea kiti mbele yake, kahawa na kipande cha mkate wa mahindi, akamwambia aeleze siku ile tangu walipotandika farasi. Eurico akaeleza. Alipomaliza, bibi akasema, "Alhamisi ijayo."

Anakwenda kila Alhamisi. Anaeleza tangu mwanzo, naye bibi anasikiliza, mikono mapajani, na Eurico akiruka kitu anamrudisha: mvua ilikuwa imeanza wakati huo au bado, Firmino alivaa koti lipi, ng'ombe yupi alitangulia. Wanapofika langoni bibi anamwambia asiseme haraka. Wiki iliyopita nilimuuliza Eurico ataendelea kwenda mpaka lini. Alikuwa anafunga viatu, shati limepigwa pasi.

"Hajasema," akanijibu, akatoka.